Kura ya Msomaji

Mwaka wa tisa huu naitunza programu yetu ya kuandikia, ya bure, inayotumiwa na watu nisiowajua na kusemwa vibaya na wale ninaowajua. Ndani yake mna kipengele tunachokiita Msomaji: ukichapa neno, kompyuta inalitamka. Kila tukitoa toleo jipya Msomaji anaharibika, na fundi wake ni mimi peke yangu. Nimechoka naye.

Mwenzangu mmoja, tunayemwita Fagio kwa kupenda kwake kufuta, alipendekeza kwenye jukwaa letu la mtandaoni tumwondoe. Jukwaa likawaka moto. Wengine walisema tunawatupa wasioona. Nikauliza nani atanisaidia kumtengeneza, hakujitolea hata mmoja. Fagio akasema wanaomtaka wabaki na toleo la zamani, ilhali anajua fika kwamba halifungui mafaili mapya. Siku ya nne nikaitisha kura. Niliandika: "Humhitaji tena Msomaji?" Ndiyo au hapana.

Ndiyo zilikuwa mia mbili na kumi, hapana mia moja na tisini. Fagio akashangilia. Nusu saa baadaye mtu akauliza: aliyejibu ndiyo amesema ndiyo namhitaji, au ndiyo simhitaji? Kila upande ukazidai ndiyo zote. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wakafundishana sarufi hadi wakavunjiana heshima, na kosa lilikuwa langu.

Nikazima kompyuta, nikaenda kwa shangazi. Shangazi huwachapia watu barua. Ana chumba kimoja karibu na mahakama, meza mbili na feni inayolalamika. Macho yake yalianza kufifia miaka kumi iliyopita, na sasa hayaoni. Mteja humsimulia barua yake, shangazi huchapa, Msomaji humrudishia kila neno, naye husahihisha. Nilimtengeneza Msomaji kwa ajili yake, ingawa jukwaani sijawahi kulisema hilo. Bila Msomaji, chumba kile kinafungwa.

Njiani nilishaamua. Shangazi akiniambia alilielewa swali vibaya, nitaifuta kura, Msomaji atabaki, nami nitamtengeneza mpaka nizeeke. Kuwaza hivyo tu kulinichosha.

Nilimkuta akimalizia barua ya mtu anayegombania mpaka wa kiwanja. Mteja alipoondoka nikamwuliza kama alipiga kura. Alipiga; jirani yake, fundi viatu, alimsomea swali. Alijibu ndiyo. Nikaanza kumweleza kwamba swali lilikuwa bovu, kwamba wengi walichanganyikiwa kama yeye, kwamba tutarudia. Akanikatiza.

"Swali nililielewa, mwanangu. Nilisema ndiyo, simhitaji."

"Na kazi yako, shangazi?"

"Nimeifanya miaka thelathini. Kila nikikupigia simu uko kwenye Msomaji. Hata kucheka nimesahau unavyocheka."

Nilipaswa kubisha. Maneno ya kuwatetea wasioona nilikuwa nayo tele, wiki nzima nimeyasoma. Lakini kilichonijia kwanza ni nafuu, mabega yakashuka yenyewe. Shangazi haoni uso wangu, lakini alisikia nilivyoshusha pumzi. Akanipapasa mkono, akaniambia nisione haya.

Niliona haya.