Herufi Zinazoruka

Hayat hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipokaa, mguu wake ulicheza chini ya meza, na wateja waliokuja mtaani Buyenzi kuchapiwa kazi zao za chuo walishazoea kuiona meza ikitikisika. Kompyuta ilikuwa moja, skrini mbili. Moja ni yake. Nyingine ni ya baba yake, Atumani, fundi magari aliyepooza na kupoteza sauti. Programu ya zamani ilimwashia herufi moja baada ya nyingine. Akiona anayoitaka, anabonyeza kitufe kwa kidole gumba, na neno likikamilika mashine inalisoma kwa lafudhi ya Kifaransa.

Programu hiyo ilikuwa na ulafi. Iliandikwa enzi ambazo kompyuta ilifanya kazi moja tu, kwa hiyo hata Atumani aliposinzia, yenyewe iliuliza bila kupumua: kitufe kimebonyezwa? Kimebonyezwa? Kazi za wateja zikakwama. Mwanafunzi aitwaye Laure aliporudi tena na kukuta kurasa zake bado, Hayat alifungua mipangilio ya programu ile. Humo mlikuwa na kipimo cha kuuambia mfumo wa kompyuta: ukiona inauliza tu, ihesabu imelala, zamu yake wape wengine. Akakisukuma mpaka mwisho. Printa ikaanza kutema karatasi.

Tangu hapo maneno ya baba yakaharibika. Alitaka chai, mashine ikasema "chak". Alijaribu upya, likatoka neno lisilo na maana kabisa. Hayat akaingiwa na hofu kwamba ugonjwa umepanda kichwani, akaanza kumkisia.

"Chai? Choo? Nifungue dirisha?"

Mzee akafumba macho.

Asubuhi moja karatasi ilinasa kwenye printa. Hayat alipokuwa anaivuta, huku kazi zote zimesimama, nyuma yake mashine ilisema wazi: "Baridi." Akageuka. Akamfunika baba shuka, akairudisha printa kazini, kisha akasimama kutazama. Mwanga ukatoka B ukarukia E. Mfumo ulimwona Atumani yuko kimya kati ya herufi na herufi, ukadhani hakuna anayefanya kazi pale.

"Baba, si wewe," alisema. "Ni mi nimeiharibu."

Akaanza kukirudisha kipimo kidogo kidogo, kila mara akimwomba mzee aandike chochote. Laure akatokea mlangoni.

"Zimetoka?"

"Bado. Ikala hapo kwenye kiti."

Atumani aliandika N, I, A.

"Niangalie?" Hayat akadakia. "Niamshe?"

Kidole kiliendelea. Mashine ikasema, "Niache."

"Nikuache kivipi, baba?"

Laure akamgusa Hayat bega. Mwanga ulipita pole pole, ukasimama, ukapita.

"Nimalize," ikasema mashine.

Hayat akaikalia mikono yake. Kipimo akakiacha hapohapo, chini kabisa, na printa ikarudia mwendo wake wa kuburuta.

"Itachelewa," alimwambia Laure. "Nenda Rohero, kule watakutolea haraka."

"Apana, nitangoja."

Atumani alikuwa amemgeukia mgeni. Ikachukua muda mrefu, na Hayat akauma mdomo kwa ndani ili asiseme.

"We mutoto wa nani?" ikauliza ile sauti ya Kifaransa.

"Wa Zénon, wa Kanyosha, baba."

Mzee akatafakari, kisha akaanza kutafuta herufi nyingine. Chini ya meza mguu wa Hayat ulikuwa unacheza.