Singo la Bi Ghaliya

Ukimtaka Bi Ghaliya wa Vuga akusingie bibi harusi wako, ujue unachukua mikono na ulimi pamoja. Mikono laini. Ulimi, Mola atuepushe! Miaka nenda miaka rudi amewasinga mabibi harusi wa mji, akiwasugua mwili kwa singo la asumini, mawaridi, liwa na bizari ya manjano, mpaka vidole vikashika rangi isiyotoka kwa sabuni.

Basi uso wake nao ulipoanza kugeuka manjano, nani angeshtuka?

"Kazi yangu hii," alimjibu kila aliyemkodolea macho. "Au mwataka niwe bluu?"

Binti yake Shadya, muuguzi, hakucheka. "Mama, sukari imekupanda ghafla na wala hujanenepa. Magauni yanakupwaya. Wajikuna kutwa, mkojo kama chai ya rangi. Na mjomba Matar alikufa kwa saratani ya kongosho, ndugu yako tumbo moja! Twende hospitali."

"Mfyuu! Matar alikuwa mvuta sigara." Na tambuu la tumbaku limemjaa shavuni, mwanamke yule! "Wenzio wanakimbia uwanjani Amani wapate kukonda, mimi nimekonda nimekaa. Nondokee!"

Hakumwambia kwamba akilala chali tumbo lilimwaka mpaka mgongoni, na akiinama kusinga lilitulia. Kazi ndiyo dawa, alijidanganya.

Siku moja huko Mbweni akamlaza Mwanaasha, bibi harusi mwenye maneno, akaanza kumsugua. Msichana akamtazama kutoka chini.

"Bi Ghaliya, kwani singo watia mpaka machoni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Ghaliya akanyakua kioo, amwaibishe mtoto yule asiye adabu. Ala! Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano wote, na huko mkono wake haukuwahi kupaka kitu. Akakiweka kioo chini, akaagiza Shadya aitwe.

Hospitali wakampiga picha. Uvimbe ulikuwa kwenye kichwa cha kongosho, na ushafika kwenye ini. Wakati wa kupasua ulikuwa umepita. Daktari akauliza dalili zilianza lini. Shadya ndiye aliyejibu.

Nje, mama akasimama.

"Haya, nseme. Sikio la kufa halisikii dawa. Miezi yote hii nimekutukana, sasa zamu yako. Ntukane!"

Shadya akaushika mkono ule wenye rangi, akalia tu.

"Mjinga wee," Bi Ghaliya akasema. "Hata kutukana sikukufunza."