Masaa Tisa Angani

Jamani, siku ile nilikuwa na habari mpaka mdomo unaniwasha! Wiki yangu ya kwanza kwenye ofisi ya tiketi za ndege, bosi kaniachia kompyuta, unadhani nilitafuta nini? Mji anaokaa kaka yangu! Kutoka kule mpaka hapa kwetu: kilomita elfu saba, ndege moja, haitui popote, masaa tisa. Na ipo kila siku!

Nikafika nyumbani mbio, viatu mkononi. Mama alikuwa anapiga pasi mashati aliyoyaacha kaka. Huyapiga pasi kila mwezi, eti mwenyewe asije akayakuta na makunyanzi. Baba mdogo kajilaza kwenye kochi na chai yake.

"Mama! Kumbe kaka yuko karibu! Masaa tisa tu! Akipanda asubuhi, jioni yuko hapo mlangoni!"

Baba mdogo akacheka mpaka chai ikamwagika. "Tisa? Si alituambia siku tatu, anabadilisha ndege kama soksi?"

Hapo ndipo nikajua nimeropoka.

Baba alipofariki mwaka jana, tulimweka mochwari tukimsubiri kaka. Akapiga simu analia: safari ni siku tatu, tiketi za kuungaunga, mzikeni tu. Tukazika. Ndugu walipoanza kumsema, mama aliwanyamazisha mmoja mmoja: "Mtoto yuko mbali. Mnataka aote mabawa?" Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kumjibu.

"Labda hiyo ndege ni mpya," nikasema haraka haraka.

"Ni mpya?" Mama kanitolea macho, pasi iko hewani.

Ningedanganya. Lakini bango la ndege hiyo kutimiza miaka sita liko ukutani pale ofisini, nalitazama kutwa nzima.

"Ina miaka sita, mama."

Akaiweka pasi chini taratibu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kaka kupiga, na simu ikaita. Mama akaweka sauti kubwa kama kawaida yake, maana hupenda wote tumsikie mwanawe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba. Mwezi ujao tunamjengea baba yako kaburi. Utakuja?"

"Natamani mno, mama. Ila safari yenyewe unaijua, siku tatu kuja, siku tatu kurudi, kazini hawanielewi..."

Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, akakandamiza.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akitubembelezea tukiugua. "Ni mbali."

Akakata.

Nikamtazama baba mdogo, nikingoja utani wake. Alikuwa anafuta chai kwenye kochi kwa kiganja. Mama akachukua shati la bluu, lililopigwa pasi upande mmoja tu, akamrushia.

"Jaribu hilo, shemeji. Likikutosha, chukua na mengine."