Mfuko wa Ndani ya Shati

Mume wangu alianza kufua mashati yake mwenyewe, nikajua kuna jambo. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kufua hata soksi. Tena tangu madaktari wampandikize kifuani kile kifaa cha kuushtua moyo ukikorofisha, nilikuwa simruhusu hata kuinua ndoo. Leo kapata wapi nguvu za kufua?

Halafu akawa hataki kukumbatiwa.

"Taratibu mke wangu, kidonda."

Kidonda gani, wakati kilipona mwaka jana?

Dalili ya mvua ni mawingu. Akiwa bafuni, nililigeuza shati lake. Kwa ndani, upande wa kushoto, kulikuwa na mfuko mdogo, mtupu. Mimi ni fundi cherehani, mashati yake yote nashona mimi, na mfuko ule sikuushona. Umeshonwa kwa mkono, uzi umepinda ovyo. Niliumia. Mwanamke mwenyewe hata kushona hajui, na bado ananichukulia mume!

Nililirudisha shati lilipokuwa. Za mwizi arobaini. Kesho yake mchana nilimwita nimpime shati jipya juu ya lile alilovaa, nikamsogelea na pini mkononi. Pini tatu zikanichomoka vidoleni, zikamrukia kifuani na kunasa pale pale.

Nikaingiza mkono kwenye ule mfuko wa ndani, nikatoa sumaku ya spika.

Muuguzi wa kliniki alituonya tangu siku ya kwanza: sumaku ikikaa juu ya kifaa, kifaa hakishtui tena, hata moyo ukienda mrama.

"Unataka kufa?"

"Nataka kuishi! Kule kliniki walitusomea utafiti wao. Wagonjwa waliopigwa shoti na kifaa mara nyingi ndio waliotangulia kufa. Mimi nimeshapigwa mara mbili. Nimekuwa fundi umeme maisha yangu yote, mke wangu. Shoti inaua."

Nilimburuta kliniki siku hiyo hiyo. Muuguzi hakucheka.

"Baba, anayeita zimamoto kila mara ni yule ambaye nyumba yake inawaka kila mara. Ukiwafungia geti, moto utazimika? Shoti inatuambia moyo umechoka, basi tuutunze. Meza dawa, chunga sukari na figo, usikose kliniki."

Aliitikia kwa adabu zote. Sikumwamini hata kidogo. Kila asubuhi nilimpekua kama askari wa getini, mpaka soksi.

Siku ya tisa, tunakula mchana, kijiko kilimdondoka. Macho yakageuka, kichwa kikaangukia begani. Niliita jina lake, hakuitika. Nikahesabu pumzi zangu kwa kuwa zake sikuzisikia. Ghafla mwili wote ukaruka kitini.

Akafumbua macho. Akakitukana kifaa, akawatukana madaktari, akanitukana na mimi niliyemnyang'anya sumaku. Nilikaa sakafuni nikalia, nikimwomba aendelee kutukana.