Posa ya Lugha Mbili

Baba alikuwa amejifungia bafuni, anazungumza na kioo. Mimi nilisimama nje ya mlango na rola za nywele kichwani, nikisikiliza. "Bibi mheshimiwa," alisema kwa Kihispania cha kanisani, "kwa heshima na taadhima..." Kisha akatukana kwa Kiingereza na kuanza upya.

Siku hiyo walikuwa wanakuja kuniposa.

Pale San Benito, upande wa Texas wa mpaka na Meksiko, nyumba yetu haikuwahi kumaliza sentensi kwa lugha iliyoianzia. Mama alituita mezani kwa Kihispania na kutufukuza jikoni kwa Kiingereza. Baba, fundi wa viyoyozi, ndiye aliyezidi. Kisa alikianza kwa lugha moja, kikifika penye utamu anahamia ya pili, akicheka anarudi kwenye ile ya kwanza. Nadhani wateja wengine waliharibu viyoyozi vyao makusudi, ili tu aje awapigie soga.

Lakini mama yake Anselmo, mchumba wangu, alikuwa anatoka Monterrey, ng'ambo ya mpaka, tena mwalimu mstaafu wa Kihispania. Shangazi Eulalia, dada yake Baba, akatoa amri tangu Jumatatu.

"Eleuterio, hakuna kuchanganya! Ukichomeka neno moja la Kiingereza mbele ya yule mama, utanitambua. Atadhani tumeokotwa jalalani."

Akamkaririsha Baba hotuba nzima, neno kwa neno, wiki nzima. Baba akakonda.

Mama huyo, Bi Hortensia, aliwasili mchana na mwanawe, amevaa lulu, amebeba kikapu cha mikate mitamu, chokoleti na kahawa, kimefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Akakiweka mezani. Kwetu, baba wa msichana akikubali hukifunua kitambaa kwa mkono wake. Kisipofunuliwa, kikapu kinarudi kilikotoka, na bwana harusi nyuma yake.

Bi Hortensia alitoa posa kwa maneno yaliyonyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Nilimwogopa, na nilimpenda papo hapo kwa jinsi alivyomtaja mwanawe. Kisha ikawa zamu ya Baba.

Akasimama. "Bibi mheshimiwa," akasema, na hapo akakwama. Jasho likamtoka. Midomo ya Shangazi ikawa inacheza, inamkumbushia, lakini Baba alikuwa amekodoa macho tu. Nimemjua mtu yule maisha yangu yote na sikuwahi kumwona amekosa la kusema, hata msibani. Anselmo alinitazama, nami nikatazama sakafu. Nilimpenda kijana yule mpaka naumwa, na sasa ananiponyoka kwa sababu msemaji mkuu wa mtaa wetu amekuwa bubu.

Bi Hortensia alingoja. Alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa aibu.

"Bwana Eleuterio, nimekuelewa," alisema kwa upole. "Hakuna ubaya." Akanyoosha mkono kuchukua kikapu.

"Ngoja, mama!"

Neno lilimtoka Baba kwa Kiingereza. Shangazi akashika kichwa.

"Usikibebe, haki ya Mungu sijakataa! Nimebanwa tu!" Na hapo bomba likapasuka. Ni miaka mingi sasa, na maneno yake nayakumbuka yote, ila siwezi tena kukwambia lipi lilikuwa la lugha gani.

"Mama yangu alinilea kwa Kihispania. Shuleni nikikisema nachapwa, basi Kiingereza nikakijua kwa machozi. Sasa nikifurahi zinatoka zote mbili, nifanyeje? Huyu binti yangu Delfina nilimbembeleza kwa zote. Leo nikimwoza kwa moja, si nitakuwa nimewapa nusu mtoto? Mchukueni mzima! Na huyu kijana wako nampenda, mama, nampenda kweli, ingawa gari lake linavuja oili hapo nje, nimeliona."

Akaketi, anahema. Mama alikuwa analia waziwazi. Bi Hortensia alimkazia Baba macho, nami nikajua sasa anamsahihisha, kosa baada ya kosa, kama daftari la mwanafunzi.

"Kiingereza sikijui," akasema. "Nimeelewa nusu tu."

Shangazi akafumba macho.

"Na hiyo nusu imenitosha. Funua kikapu, mzazi mwenzangu, mkate unakauka."

Baba akafunua, na kabla kitambaa hakijafika mezani alikuwa ameshaanza kisa cha kiyoyozi cha padri. Bi Hortensia akawa anacheka mahali pasipochekesha, Anselmo anamtafsiria, Shangazi anamsahihisha Anselmo. Katika makelele yale hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi kama nimekubali. Nikasema ndiyo hivyo hivyo, kwa lugha zote mbili, na hakuna aliyenisikia.