Upande wa Kioo

Ngozi ya dada yangu ilikuwa imewambwa mbele yangu, bila dada ndani yake. Uso ulilazwa bapa katikati ya skrini, masikio yamesukumwa pembeni, macho ni matundu mawili yasiyotazama kitu. Shingo ilikuwa imepasuliwa kwa nyuma na kufunguliwa kama shati lililofumuliwa mshono. Nilishika kalamu ya plastiki, nikaona aibu, nikaenda kunywa maji.

Katika ile dunia ya mtandaoni, ambamo watu hutembea na kuketi kwa miili ya kuchorwa, kila mwili huvikwa ngozi. Na kabla ya kuvikwa, ngozi ni picha bapa tu, kama hiyo niliyoikimbia. Ilinipasa kuipaka rangi mpaka iwe dada. Nilikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule. Maisha yangu yote nimelipwa kuona makosa ya wengine, kazi ambayo haimfundishi mtu kuumba chochote, ila humpa kiburi cha kutosha kudhani kwamba angeweza.

Dada alikuwa akiishi ugenini, kwa binti yake, tangu alipofiwa na mume. Kiharusi kilimkuta jikoni. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, mguu ukafuata, na upande huo wa uso ukateremka kama pazia lililochomoka ndoano. Aliagiza vioo vyote vya nyumba vifunikwe kwa shuka, kisha akakataa kuonekana na mtu yeyote asiyelazimika kumwona. Nami nilihesabiwa miongoni mwa wasiolazimika. Tulibaki na simu, ya sauti peke yake. Nilipomwambia kwamba ningeomba likizo niende kumtazama, alinijibu kwa ulimi mzito ambao makali yake hayakuwa yamepungua hata chembe:

"Njoo. Utaukuta mlango, nao utakuwa umefungwa."

"Sasa tutaonana lini?"

"Kuna mahali naweza kusimama," alisema. "Huko nina miguu miwili, na yote inanisikiliza. Uso tu ndio si wangu. Nimevaa wa dukani, nafanana na kila mtu. Nitengenezee wangu, tuonane huko."

"Dada, mimi na rangi wapi na wapi?"

"Rangi hujui. Uso wangu unaujua. Na waliokuwa wanaujua wamekwisha, Bwana Nukta."

Bwana Nukta ni jina alilonipa siku nilipoanza kazi ya usahihishaji, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Sharti lilikuwa limeeleweka. Nikiupata uso, nitaonana na dada yangu. Nikiukosa, nitabaki na sauti, na sauti yenyewe ilikuwa inazidi kwenda mbali kila wiki.

Ofisini kwetu palikuwa na fundi wa kompyuta ambaye kila mtu alimwita Daktari, kwa kuwa alitibu mashine na hakuwa na subira na wagonjwa. Nilimweleza shida yangu kwa mzunguko, kama watu wanaoeleza ugonjwa wa siri kwa kusema ni wa rafiki yao. Alinisikiliza huku akichokonoa kibodi kwa brashi.

"Mzee, kuna programu za namna tatu," alisema. "Moja unailisha picha za mtu, inakutolea ngozi yenyewe, wewe unakunywa chai. Ya pili inakupa mwili mzima, unauzungusha, unaupaka kama ukuta. Ya tatu ni ya zamani. Unapaka ngozi ikiwa bapa, halafu unamvika mtu na kuomba Mungu mishono ikutane."

"Ipi nzuri?"

"Inategemea mgonjwa anataka kupona au anataka kusumbuka."

Nilianza na ile ya kulishwa picha, maana sikuwa na nia ya kusumbuka. Nilimpigia dada nikamwomba anitumie picha zake za kabla ya ugonjwa.

"Sitaki sura ya picha," alisema.

"Kwa nini? Si ni wewe?"

"Ya picha ni ya watu. Mimi nataka yangu."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Nimesoma vitabu vingi, na mojawapo ya hasara za kusoma vitabu vingi ni kwamba mtu huzoea kuyapita maneno yaliyo wazi akitafuta yaliyofichika. Niliyapita hayo pia. Nikaifuta programu ya kwanza.

Ya pili ilinivutia, sikatai. Mwili ulisimama katikati ya utupu wa kijivu, nikawa nauzungusha kwa kidole. Tena ilikuwa na kitufe walichokiita kioo: ukikiwasha, kila unachokipaka kwenye shavu moja hujipaka chenyewe kwenye shavu la pili. Daktari aliniambia nisithubutu kukizima. "Hicho ndicho kinachokupunguzia kazi nusu, mzee. Binadamu ni nusu moja iliyorudiwa."

Nilikubali, kwa sababu wazo hilo lilikuwa na sura ya elimu. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia. Uso wa dada sasa ulikuwa na nusu nzima na nusu iliyoanguka, na hapa palikuwa na kitufe kinachochukua nusu nzima na kuirudia. Nilimaliza kwa jioni chache. Nikamtumia, nikakaa kando ya simu kama mtahiniwa.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Huyu hajawahi kuwa mtu. Huyu amepigwa pasi." Nilisikia akivuta pumzi, sentensi ndefu zilimchosha. "Mdogo wangu, nyusi yangu moja iko juu ya mwenzake tangu nizaliwe. Mama alikuwa akisema naonekana kama siku zote sijaamini ninachoambiwa."

"Hilo nalikumbuka."

"Basi mbona umelifuta? Nusu zangu hazijawahi kupatana. Ugonjwa umezigombanisha zaidi tu."

Ndipo niliporudi kwenye ile programu ya zamani, ya ngozi bapa, na Daktari akatikisa kichwa kama anayemwona mgonjwa akirudi kwa mganga. Sikuweza kumweleza. Baba yetu alikuwa mshona viatu, na utoto wetu ulipita mbele ya ngozi zilizowambwa kwenye ukuta wa uani. Alikuwa akizipapasa na kuzisoma: hapa palikuwa bega, hapa mnyama alijikuna kwenye mti, hapa alizaa. Kwangu mimi ngozi bapa haikuwa kiumbe aliyechunwa. Ilikuwa namna ya kumsoma aliyeondoka. Dada alipokuwa akinyang'anyana nami kipande cha kuchezea, baba alitutazama tukivutana, kisha akasema lile neno ambalo kila mtu hulisema, ila yeye alikuwa na haki nalo: mwamba ngozi huvutia kwake.

Nikaketi kuvutia kwangu.

Ilikuwa kazi ya upweke wa namna ya pekee, kwa sababu nilishinda na uso ambao haukuwa na mtu. Nilitoka kazini, nikafungua mlango wa chumba changu, nikasema "hodi" kwa mazoea, nikajikaribisha. Kisha nikatandaza ngozi kwenye skrini. Programu haikunisaidia kwa lolote, na nikaanza kuiheshimu kwa hilo. Mishono ya shingo ilikataa kukutana. Nilipomvika mwili, mstari mweusi ulipita nyuma ya sikio kama kovu, nikamvua, nikarekebisha, nikamvika tena. Nikaweka nyusi isiyoamini. Nikaweka kale kakunjo ka pembeni ya mdomo kalikokuwa kakitangulia kabla hajakutukana. Kila nilipokwama nilifumba macho nikarudi kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yetu, asubuhi, mbele ya kile kioo kimoja kilichoning'inia kwenye msumari: yeye mbele akichana nywele bila haraka, mimi nyuma yake nikingoja zamu, mswaki mdomoni, nikiutazama uso wake kwa hasira ya mtu anayechelewa shule. Sidhani kama nimewahi kuutazama uso wowote kwa muda mrefu zaidi.

Mwisho wa yote nikaweka kidoa chake cheusi shavuni, kidogo kama mbegu ya papai. Nilikiweka kama ninavyoweka nukta, kwa kuinua mkono mara moja tu.

Nikamtumia. Hakupiga simu siku ile. Alipiga ya pili yake, na kwa muda hakusema kitu. Nikadhani laini imekatika.

"Dada?"

"Nipo. Najitazama." Kisha akasema, polepole, akilibeba kila neno kama chombo kilichojaa: "Nilikuwa sijajiona siku nyingi."

Tulionana Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Dunia ile ilikuwa imepitwa na wakati. Wengi walikuwa wamehamia kwingine, na tulitembea katika mitaa ya maduka yaliyoachwa wazi, mabango yakiwaka bila mteja. Mimi nilikuwa nimevaa mwili ambao hupewa kila mgeni, shati jeupe na meno yasiyo na kazi.

"Umekuja na mwili wa kuazima," alisema.

"Kinyozi hajinyoi."

"Kinyozi gani wewe? Hata wembe ni wa bure." Nyusi ile ikiwa juu ya mwenzake, kama kawaida.

Tukaketi kwenye benchi mbele ya chemchemi ambayo maji yake yalikuwa yakijirudia. Aliweza kugeuka kunitazama, nami nikaweza kumtazama, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu ndugu wawili wazima. Sauti yake masikioni mwangu ilikuwa nzito; midomo niliyompaka haikuwa na uzito wowote. Nilijua vizuri nilichokuwa nakitazama: rangi, tena ya mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kuwa mtu wa kudanganyika. Tulikutana hapo kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja nikakaa kwenye benchi peke yangu, nikasubiri chemchemi ijirudie, nikajua.

Mazishi niliyafuata kwa simu, picha zikikatikakatika.

Miezi kadhaa baadaye binti yake aliniandikia. Alikuwa akifunga mambo ya mama yake, akafungua ile dunia kwa mara ya kwanza, akamkuta amesimama pale alipoachwa.

"Mjomba, nimelia," aliandika. "Umempata kabisa. Nyusi, mdomo, kila kitu. Lakini kidoa cha mama kilikuwa shavu la kushoto. Wewe umekiweka la kulia. Ulikihamishia upande uliobaki mzima? Kama ni hivyo, ahsante."

Niliangalia picha ya zamani niliyokuwa nayo, ya harusi yake. Kushoto. Nikaangalia nyingine. Kushoto. Hata nyusi ya juu ilikuwa ya upande huo huo, nami nimeiweka upande wa pili; kosa hilo binti alikuwa hajaliona bado. Nilisimama chumbani nikageuka huku na huku, nikinyoosha mikono kama mtoto anayefundishwa kulia na kushoto, ndipo nikarudi kwenye ule ukumbi na kusimama nyuma ya dada. Sikuwa nimewahi kuusoma uso wake. Nilikuwa nimesoma kile kioo.

Naye pia. Uso wake mwenyewe aliujua kutoka hapo hapo, mbele yangu kwa hatua moja. Sura ya picha, alisema, ni ya watu. Nilikumbuka alivyonyamaza kwenye simu siku ile, shuka zikiwa bado kwenye vioo vyote vya nyumba.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba asinishukuru. Sikuhamisha kitu kwa huruma, nilikosea tu. Akajibu upesi, kwa upole wa vijana wanaozijua mashine:

"Basi si kazi, mjomba. Kuna kitufe cha kugeuza. Nitumie iliyo sahihi, nataka kuihifadhi."

Ni kweli, hata ile programu ya zamani inacho. Niliifungua. Ngozi ikajitandaza, uso katikati, masikio pembeni, kidoa upande wake. Nimepitisha maisha nikiyawekea makosa alama nyekundu pembeni mwa karatasi, na mkono wangu, kwa mazoea, ulikwisha kusogea. Niliutazama uso ule kama ninayengoja zamu. Nje mtu alikuwa akifagia ngazi.

Kisha nikaifunga. Programu huuliza kila mara kama mtu anataka kuhifadhi mabadiliko. Safari hiyo haikuwa na la kuuliza.