Sifuri ya Daktari Nukaga

Gari lenye namba za Tokyo liliingia uani mwa kituo chetu cha uzazi saa nne asubuhi, na wauguzi watatu wakakimbilia ndani kana kwamba ameingia dubu. Kiooni lilikuwa limebandikwa karatasi: "Mwenye gari ni mwenyeji wa hapa." Mwaka ule wa korona wengi wenye namba za mbali walibandika hivyo ili wasipigwe mawe kama waleta virusi.

Akashuka mwanamke mjamzito, maji yakimchuruzika miguuni, akanijia mimi niliyebaki uani.

"Mimi Mifuyu, binti wa muuza tofu wa pale darajani. Chupa imepasuka, dada. Huyu wa pili, hatangoja."

Alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama yake, kama alivyofanya mama yake, na bibi yake pia.

Mkurugenzi wetu, Daktari Nukaga, alifungua dirisha la ghorofani kwa upana wa kiganja.

"Umefika lini?"

"Leo siku ya kumi na moja, Daktari."

"Sheria ni kujitenga siku kumi na nne. Rudi baada ya siku tatu."

"Nimwambie mtoto akae kidogo?"

Akanigeukia mimi. "Kozue, piga simu zimamoto walete gari la wagonjwa. Apelekwe hospitali ya ng'ambo ya mlima. Ni mwendo wa saa mbili tu."

Saa mbili tu! Wiki hiyo alikuwa anamalizia ripoti ya kamati kuhusu ufanisi wa huduma za uzazi bondeni kwetu. Akina mama walioambukizwa kituoni: sifuri. Aliisoma sifuri hiyo kwa sauti wakati wa chai, mara mbili, akijifuta midomo. Kwa nini isiwe sifuri? Jiko lisilowashwa haliunguzi wali. Nilikuwa nimehitimu ukunga miezi mitatu tu, nikiamini mtu husomea udaktari ili afungue mlango.

Nikapiga simu. Kisha nikavaa glavu.

"Usimguse," alinong'ona muuguzi mkuu, Bi Tokiwa. "Ukimgusa, nawe utafungiwa siku kumi na nne. Na hujathibitishwa kazini, mwanangu."

Mifuyu alikuwa ameinama juu ya boneti, akihema. Nikamshika mkono.

"Usiniachie, dada."

"Sikuachii mpaka mtoto alie."

Gari la wagonjwa lilipofika, dirisha likafunguka tena, safari hii likafunguka lote. Hasira haiogopi virusi.

"Kozue! Ukipanda hilo gari, usirudi hapa!"

"Iandike na hiyo, Daktari. Wakunga waliofukuzwa: mmoja. Isije ripoti ikajaa sifuri tupu."

Tulipoingia kwenye handaki la mlimani, kichwa kilikuwa kinaonekana.

"Mzee Sugae," nikamwambia mhudumu wa zimamoto, "weka mikono hapa."

"Mimi? Mimi nabeba watu, binti, sizalishi!"

"Basi umeshabeba wazito kuliko huyu. Kiganja chini ya kichwa. Usivute."

"Unahitaji mikono miwili, dada," Mifuyu alisema kwa meno yaliyoumana. "Niachie tu."

"Mmoja unanitosha."

Kwa mkono huo mmoja nilimwongoza mzee. Bega likatoka, kisha mwili wote, wa samawati, kimya. Mzee akanitazama. Nikamwambia amfute mgongo kwa nguvu, tena, tena, huku Mifuyu akinibana hadi mifupa ikalia.

Tukatokea kwenye mwanga, na mtoto akapiga yowe.

Ndipo nikaachia. Vidole vyangu vilikataa kukunjuka.